Gramu ya Nyalenda na gramu ya Milimani

Mhariri,

Sheria ya dawa za kulevya iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986 haikumtaja mweusi wala mweupe. Ilitaja gramu tu. Hata hivyo, katika miaka ya tisini, zaidi ya watu wanane katika kila kumi waliohukumiwa na mahakama za serikali kuu ya nchi hiyo kwa makosa ya kreki, yaani kokeini iliyopikwa ikawa vijiwe, walikuwa weusi. Tunaandika kwa kuwa kila adhabu za dawa zinapojadiliwa huku Kisumu, hakosi wa kusema kwamba ubaguzi ni shida ya Wamarekani, kwamba sisi ngozi yetu ni moja, na kwamba sheria yetu hupima uzito wa dawa wala haimwangalii mtu usoni. Kupima, inapima. Tuangalie ni nani hasa hufikishwa kwenye hiyo mizani.

Hesabu ya Wamarekani hutajwa sana bila kuelezwa. Kokeini ya unga na kreki ni dawa ile ile. Unga ukichanganywa na maji na magadi ya kuokea keki, kisha ukapashwa moto hadi ukagandamana, hubaki vijiwe vinavyovutwa kwa moshi. Moshi hufika ubongoni kwa sekunde chache, ulevi huja haraka na kuisha haraka, na mtu hurudia upesi. Tofauti ni hiyo. Sheria ya 1986 iliweka kifungo cha lazima kisichopungua miaka 5 kwa mwenye gramu 5 za kreki za kuuza. Mwenye unga, ili afikie kifungo hicho hicho, alihitaji kukamatwa na gramu 500. Ngazi ya juu, ya miaka 10, ilikuwa gramu 50 za kreki dhidi ya kilo 5 za unga. Mwaka 1988 wakaongeza kwamba hata asiyeuza, akipatikana tu na zaidi ya gramu 5 za kreki, afungwe miaka 5. Hakuna dawa nyingine iliyowekewa sharti hilo kwa mkosaji wa mara ya kwanza.

Tume ya Adhabu ya Marekani ilikokotoa kwamba gramu 5 za kreki hutoa dozi kati ya 10 na 50, na gramu 500 za unga hutoa dozi kati ya 2,500 na 5,000. Tena kreki yote huanza ikiwa unga. Basi muuzaji wa jumla mwenye gramu 499 za unga alikuwa chini ya mstari, na kijana wa kona aliyenunua kipande kutoka kwake na kukipika alikuwa juu ya mstari. Wavu wa namna hiyo hunasa omena na kuwaachia mbuta.

Wala sheria hiyo haikutungwa na wenye nia mbaya tu. Juni 1986 mchezaji wa mpira wa vikapu Len Bias alikufa kwa kokeini siku mbili baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics. Wengi waliamini ni kreki, ilhali ulikuwa unga. Nchi ikataharuki, na kufikia Oktoba sheria ilikuwa imetiwa sahihi. Wabunge weusi kadhaa, akiwemo Charles Rangel wa Harlem, waliiunga mkono kwa sababu mitaa ya wapiga kura wao ndiyo iliyokuwa ikiteketea. Tunalitaja hilo kwa makusudi, kwa ajili ya viongozi wetu wa Nyanza na Magharibi wanaotaka adhabu kali wakidhani ukali utawalinda watoto wa mitaa yao.

Kulirekebisha kosa kulichukua muda mrefu kuliko kulitenda. Mwaka 1995 Tume ya Adhabu ilipendekeza kreki na unga zilinganishwe. Bunge likakataa, na Rais Clinton akatia sahihi kukataa huko. Mwaka 2010 gramu 5 zikawa 28, uwiano ukashuka kutoka mia kwa moja hadi kumi na nane kwa moja. Kwa nini kumi na nane? Hakuna sayansi ndani yake, ni maafikiano ya wanasiasa. Mwaka 2018 waliokwisha kufungwa wakaruhusiwa kuomba nafuu, kisha mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba waliofungwa kwa viwango vya chini kabisa, visivyokuwa na kifungo cha lazima, hawamo. Aliyekamatwa na kreki nyingi akapata mlango wa kupunguziwa, na wa kreki kidogo akaukosa.

Sasa tufungue sheria yetu ya Kenya ya udhibiti wa dawa za kulevya ya 1994. Ina milango miwili. Kifungu cha 3 ni cha kupatikana na dawa, na cha 4 ni cha ulanguzi. Tangu marekebisho ya 2022, anayepatikana na bangi akairidhisha mahakama kwamba ni ya matumizi yake mwenyewe anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Zamani ilikuwa miaka 10. Upande wa kifungu cha 4, dawa ikiwa kati ya gramu 1 na 100, sheria inataja faini isiyopungua shilingi milioni 30 au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili. Ikipita gramu 100, ni milioni 50 au mara tatu ya bei yake sokoni, kutegemea ipi ni kubwa, au miaka 50.

Pengo kati ya milango hiyo ni kubwa mno, na hakuna gramu hata moja iliyoandikwa kuwa mpaka kati ya mtumiaji na mlanguzi. Anayechagua mlango ni afisa anayeandaa hati ya mashtaka, kisha kiongozi wa mashtaka anayeipitisha. Mzigo wa kuonyesha kwamba bangi ni ya kuvuta umewekwa mabegani mwa mshtakiwa. Na tafsiri ya ulanguzi katika sheria ni pana ajabu: kununua, kuuza, kupeana, kuhifadhi, kusafirisha. Ukimpa rafiki msokoto mmoja, kwa maneno ya sheria umelangua.

Linganisha na Ureno. Tangu Julai 2001, anayekutwa huko na dawa ya kumtosha siku kumi hapelekwi mahakama ya jinai. Hupelekwa mbele ya jopo la watu wachache, wakiwemo wa afya na ustawi wa jamii. Kipimo cha siku kumi kimeandikwa: gramu 25 za bangi, gramu 2 za kokeini, gramu 1 ya heroini. Gramu moja ya heroini ambayo Lisbon inaihesabu kuwa matumizi ya siku kumi ya mraibu, hapa Kisumu ndipo ngazi ya miaka 30 inapoanzia ikiwa mtu ameandikiwa kifungu cha 4.

Mpaka usipoandikwa, mtu husomwa kwa mazingira yake. Maskini hununua njaga, yaani bangi, kwa msokoto, ikiwa imeshafungwa kwa karatasi. Mwenye pesa hununua kwa uzito na kuiweka kwenye mkebe nyumbani. Misokoto kumi mfukoni mwa kijana wa Nyalenda, mtaa wetu wa mabanda, itaandikwa kuwa bidhaa, maana imefungwa mmoja mmoja. Mkebe wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, hata ukiwa na mara tano ya hiyo, una sura ya matumizi binafsi. Ongeza noti za hamsini na mia pamoja na M-Pesa nyingi ndogo ndogo kwenye simu, mambo ambayo kila mwendesha bodaboda wa Kondele huwa nayo ifikapo saa kumi jioni, na tayari una "mapato ya mauzo". Nywele za rasta nazo huongeza kitu, ingawa Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2019 kwamba Urastafari ni dini.

Kisha kuna suala la nani anapekuliwa. Nyumba ya Milimani ina geti na mlinzi, na kuiingia kunahitaji hati ya msako ambayo hakuna anayehangaika kuiomba. Ploti ya mabati ya mitaa ya Manyatta au Obunga ina korido moja na milango kumi. Kwenye vizuizi vya barabara ya Busia hadi Kisumu, abiria wa matatu ndio hushushwa na mizigo yao, gari kubwa la kibinafsi likapungiwa mkono. Shirika la kutetea haki za raia la ACLU la Marekani lilipochambua takwimu za 2010 hadi 2018 lilikuta mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.64 zaidi ya mweupe wa kukamatwa kwa bangi, huku matumizi ya makundi hayo mawili yakikaribiana. Unapata dawa pale unapoitafuta. Takwimu za kukamatwa hukuonyesha polisi walikotembea kuliko bangi ilikovutwa.

Hapa kwetu hata kulipima jambo hilo ni vigumu. Taarifa za kila mwaka za takwimu za taifa hutoa idadi ya makosa ya dawa yaliyoripotiwa, lakini hazisemi mtu alikamatwa mtaa gani, kwa gramu ngapi, wala alishtakiwa kwa kifungu kipi. Marekani walijua uwiano wao ni mbaya kwa sababu tume yao iliandika rangi na gramu za kila mfungwa. Kuandika hakuwafanyi kuwa waungwana, lakini kuliwanyima nafasi ya kukana.

Tugeukie yanayoweza kufanywa kesho asubuhi bila Bunge. Kifungu cha 74A cha sheria hiyo yetu ya 1994 kinataka dawa iliyonaswa ipimwe yote mbele ya anayekusudiwa kushtakiwa, mkemia aliyeteuliwa na wakili wake kama yupo, kila inapowezekana, kisha mkemia achukue sampuli, azipime na kwenda nazo. Ukisoma hati za mashtaka mara nyingi hukuti gramu. Utakuta "misokoto 12" na bei ya mtaani. Msokoto si kipimo. Karatasi ina uzito wake, vivyo hivyo vijiti na mbegu, na bangi mbichi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake ikikauka. Sheria inapoanza kuhesabu kwenye gramu 1 na kupanda ngazi kwenye gramu 100, mfuko wa nailoni na unyevu vinaweza kumpandisha mtu ngazi. Jambo la kuuliza ni kama uzito ulioandikwa ni wa dawa tupu iliyokauka au wa mzigo jinsi ulivyokamatwa.

Fuatilia pia mikono iliyopitia kielelezo: aliyekamata, kitabu cha matukio cha polisi (OB), stoo ya vielelezo, maabara ya Mkemia wa Serikali, kisha kurudi. Kila mkono uwe na sahihi na tarehe. OB ikisema misokoto 12 na ripoti ya mkemia ikasema 15, hapo pana swali la kumuuliza shahidi, na mshtakiwa asiye na wakili anaruhusiwa kuliuliza mwenyewe. Bei nayo ina utaratibu wake: pale faini inapotegemea thamani sokoni, sheria inataka cheti cha afisa aliyeidhinishwa chini ya kifungu cha 86, na makadirio ya afisa aliyekamata hayatoshi. Shtaka likiwa la ulanguzi, hati iseme alifanya nini hasa, kama ni kuuza, kuhifadhi au kusafirisha. Mahakama ya Rufani ilishaliweka wazi hilo mwaka 2007. Na mzigo uliokutwa kwenye buti ya matatu hauwi wa kondakta kwa sababu tu yeye ndiye hufunga buti. Lazima ionyeshwe kwamba alijua kilichomo.

Mahali kesi nyingi huharibikia ni siku ya kwanza. Misako hupenda Ijumaa jioni. Katiba inatoa saa 24 za kumfikisha mtu kortini, lakini zikiisha nje ya saa za korti husogezwa hadi siku inayofuata ya kazi, kwa hiyo wa Ijumaa hulala seli hadi Jumatatu kihalali kabisa. Asubuhi ya Jumatatu amechoka, na mtu wa kumnong'oneza hakosekani: kubali tu yaishe, utatozwa kidogo uende nyumbani. Wengi hukubali bila kujua kwamba kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamzuia aliyekiri kukata rufaa juu ya hatia yenyewe. Hubakiwa na adhabu pekee ya kulalamikia.

Kukiri kuna hatua zake, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizipanga mwaka 1973. Shtaka husomwa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake huandikwa kadiri inavyowezekana jinsi alivyoyatamka, kisha kiongozi wa mashtaka husimulia ukweli wa kesi, na mshtakiwa huulizwa kama anaukubali, anaupinga au ana la kuongeza. Akibadili kauli hapo, hakimu huandika kwamba amekana na kesi husikizwa. Hatua hiyo ya tatu ndiyo hupitwa mbio. Mtu akisema "ndiyo, ni yangu, nilikuwa ninavuta", amekiri kupatikana na bangi, hajakiri ulanguzi, na hakimu mwangalifu hulinasa hilo. Ripoti ya mkemia nayo inapaswa kuwepo. Mahakama Kuu imewahi kufuta hatia za kukiri kwa kukosekana kwake, maana mshtakiwa hana maabara ya kumwambia alichoshika kilikuwa nini. Asiyeelewa Kiswahili cha korti aombe mkalimani wa Kijaluo, Kiluhya au lugha yoyote nyingine, na halipii.

Faini ndiyo mahali tabaka huonekana waziwazi. Faini ya shilingi 100,000 mmoja huilipa dirishani kabla ya chakula cha mchana na mwingine huitumikia kifungo katika gereza la Kodiaga. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka dari ya kifungo cha kushindwa kulipa: faini ya zaidi ya 15,000 hadi 50,000 haizidi miezi 6, na ya zaidi ya 50,000 haizidi miezi 12. Ukisikia "faini ya 60,000 au miaka miwili", kifungo hicho mbadala kimevuka dari, na Mahakama Kuu inaweza kukipunguza kwa njia ya mapitio. Siku za rumande lazima zihesabiwe, kwa kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Na hakimu anayeona kosa linastahili miaka mitatu au pungufu anayo ruhusa, chini ya sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, kumtuma mtu akafanye kazi ya umma na kulala kwake. Inatumika kidogo kuliko inavyopaswa, kwa maoni yetu.

Kuna pendekezo moja ambalo huzuka kila baada ya muda, la kuongeza adhabu kwa anayekamatwa karibu na shule. Linavutia. New Jersey walifanya hivyo mwaka 1987: futi 1,000, takriban mita 300, kuzunguka kila shule. Duara la kipimo hicho hufunika zaidi ya ekari 70. Mjini, ambako shule zimekaribiana, maduara yakagusana na karibu mji mzima ukawa eneo la shule, wakati vitongoji vya matajiri vilibaki wazi. Tume ya jimbo hilo ilipochunguza mwaka 2005 ilikuta asilimia 96 ya waliofungwa kwa kosa hilo ni weusi au Walatino. Chukua ramani ya Manyatta, uhesabu shule pamoja na vyumba vya chekechea, kisha uchore hayo maduara.

Tunachoomba kwa wabunge ni mpaka wa gramu ulioandikwa. Brazil ilikuwa na sheria kama yetu, ya 2006, iliyomwachia polisi na hakimu kupambanua mtumiaji na mlanguzi, na matokeo yakawa kiasi kile kile kuitwa matumizi kwa kijana mweupe na biashara kwa kijana mweusi wa mtaa wa mabanda. Juni 2024 mahakama yao ya juu ikaweka mpaka wa gramu 40 za bangi au mimea sita ya kike: chini ya hapo unachukuliwa kuwa mtumiaji mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Mpaka peke yake hautoshi. Mpaka unaweza kumshawishi afisa mwovu kuongeza gramu chache ili auvuke, kwa hiyo lazima uende na upimaji wa hadharani, uzito wa dawa tupu iliyokauka, na bahasha inayofungwa mbele ya mwenyewe. Hatusemi dawa hazidhuru, tunajua zinachokifanya. Muuza heroini kwa wanafunzi ana kifungu chake na akipewe. Lakini ngazi ya chini ya kifungu cha 4 kuanzia gramu 1 kwa kila dawa, bangi na heroini sawasawa, haina utetezi wa kitabibu tunaoujua.

Kwa Mwendesha Mashtaka wa Umma na Mahakama, ombi ni dogo zaidi: kila hati ya mashtaka ya dawa iwe na gramu, kifungu na kata aliyokamatwa mtu, na jumla yake itangazwe kwa kila kaunti mara moja kwa mwaka.

Na kwa familia zenye mtu aliyehukumiwa wiki hii: muda wa kukata rufaa ni siku 14 tangu hukumu. Aliye gerezani hahitaji kusafiri wala kuwa na wakili ili aanze. Hukabidhi ombi lake la rufaa kwa afisa msimamizi wa gereza, naye hulipeleka mahakamani. Siku 14 zikipita, aombe kuongezewa muda na aeleze sababu, ikiwemo kwamba alikuwa anasubiri nakala ya hukumu.

Wasaidizi wa kisheria wa kujitolea,
Kisumu